Kapu Lijazwe Kabla ya Lango

Mzazi wa Iringa au Mbeya anayepanga kuipeleka familia yake Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huanza kwa kuulizia kiingilio, na akishatajiwa hufurahi. Kwa miaka kadhaa Mtanzania mtu mzima amekuwa akitozwa shilingi 5,000 kuingia Ruaha au Kitulo, mtoto wa umri wa shule ya msingi shilingi 2,000, wote kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na mtoto wa chini ya miaka mitano huingia bure. Baba, mama na watoto wanne wa shule ni shilingi 18,000. Ukiongeza asilimia 18 ya kodi unapata shilingi 21,240. Kwa fedha hiyo familia hiyohiyo haishibi hotelini mara mbili, hata pale mjini. Lango, kwa hiyo, haliwezi kulaumiwa kwa safari nyingi za kifamilia zinazoishia kwenye maneno kwamba utalii ni wa Wazungu.

Mtu atasema gharama kubwa ni gari na mafuta. Ni kweli, kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kilomita 130 hivi, na sehemu kubwa ya njia imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Lakini gari lina tabia moja nzuri: bei yake haibadiliki kwa idadi ya waliomo. Noah ikikodiwa kwa siku mbili, mwenye gari hajali kama mmepanda watatu au saba, na kila anayeongezeka humpunguzia mwenzake mchango. Chakula kina tabia ya kinyume, kwani huzidishwa kwa kila kichwa. Halafu mtoto aliyepunguziwa langoni hapunguziwi mezani, kwa sababu mwenye mgahawa huhesabu sahani bila kuuliza umri. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, sahani ya wali na nyama ni shilingi 10,000. Milo miwili kwa watu sita ni shilingi 120,000, yaani zaidi ya mara tano ya kiingilio chao, na hapo hatujagusa soda wala maji. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta kaya ya Kitanzania ina watu 4.3 kwa wastani, lakini nani amewahi kuona safari ya mbugani ikiwa na watu wanne na robo? Shangazi anakuja, binamu wanakuja, jirani anaomba mwanawe naye aende. Kadiri gari linavyojaa ndivyo usafiri unavyokuwa rahisi kwa kila mtu, na ndivyo chakula kinavyogeuka kuwa mzigo mkubwa kuliko mingine.

Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba chakula cha safari huwa ghali au rahisi kutokana na mahali uamuzi wake unapofanyika. Katika Nyanda za Juu Kusini, mahali panapofaa kuamulia ni sokoni na barabarani, kabla ya lango. Jikoni nyumbani usiku wa kuamkia safari mtu hupika kwa wasiwasi na kupakia vitu visivyofika salama. Kwenye kaunta ya ndani ya hifadhi, saa saba mchana, watoto wakilia njaa, hakuna tena cha kuamua. Kilichobaki ni kulipa.

Bei ya ndani inahitaji kueleweka kabla ya kulaumiwa. Mwenye mgahawa au loji ndani ya hifadhi huleta kila nyanya na kila kreti ya soda kutoka Iringa kwa barabara ileile mbovu. Huendesha majokofu kwa jenereta au umeme wa jua, na msimu wa mvua hukaa majuma kadhaa akiwa na wateja wa kuhesabu. Loji nyingi za Ruaha huuza kitanda pamoja na milo yote kwa bei moja, ambayo kwa miaka mingi ilitajwa kwa dola, kwa sababu mgeni wao hana pa kwenda kula pengine. Hapo ndipo kiini kilipo: mteja akishavuka daraja la Ibuguziwa na kuingia hifadhini hana soko la pili la kulinganisha bei. Hali ni hiyohiyo kwa basi la Mbeya linaposimama kwenye hoteli ya njiani kwa dakika ishirini. Chipsi mayai ya pale haina mshindani kwa sababu dereva amekwisha kuchagua kwa niaba ya abiria wote.

Wenye bustani kubwa za burudani duniani wanaielewa hali hii kuliko mtu yeyote. Walt Disney World ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina migahawa ya kila aina na ya bei za kutisha, lakini inawaruhusu wageni kuingia na chakula chao na vinywaji visivyo na kileo, mradi wasilete vyombo vya kioo wala chakula kinachohitaji kupashwa moto. Maji baridi ya kunywa hutolewa bure kwenye vibanda vyake vya chakula. Kwa nini mfanyabiashara aruhusu hivyo? Kwa sababu anajua watu ni wa aina mbili. Yuko anayehesabu, ambaye akizuiwa kubeba chakula pengine asingekuja kabisa, na yuko asiyehesabu, ambaye atanunua hata akiruhusiwa kubeba. Bei ya juu humlenga wa pili tu. Sehemu nyingi za burudani za mijini kwetu zimechagua njia ngumu zaidi, zikabandika kibao mlangoni kwamba chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Hifadhi zetu hazina kibao hicho. Kuna maeneo yaliyotengwa kwa wageni kukaa na kula, na kwenye mabanda ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) pale Msembe mgeni anaweza kujipikia. Ruhusa ipo, lakini wenyeji wa mikoa hii hawaitumii sawasawa.

Nayo mikoa yenyewe si haba. Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma zimehesabiwa kwa miongo kadhaa kuwa ghala la mahindi la nchi. Anayetoka Mbeya kwenda Ruaha husafiri zaidi ya kilomita 300 kabla hajafika Iringa, na njia nzima ni soko: viazi mviringo na karoti za Uyole, mchele wa Usangu kuanzia Igurusi hadi Chimala, kisha Makambako na Mafinga ambako njiani huuzwa kila kilicho kwenye msimu. Anayeanzia Iringa ana nyanya na vitunguu vya ukanda wa Ilula katika Soko Kuu, maziwa ya viwanda vya hapohapo mjini, maparachichi na karanga. Akiifuata njia ya hifadhi atapita Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954, kisha Kidamali, na mwisho Idodi na Tungamalenga, vijiji vinavyolima mpunga na vyenye maduka na magenge ya mwisho kabla ya lango. Orodha hii ina maana yake. Vitu visivyoharibika, kama mchele, karanga, sukari na mafuta, vinunuliwe mapema palipo na bei ya jumla; matunda na mboga vinunuliwe mwisho kabisa, visije vikapondeka kwa saa tatu za kurushwarushwa. Wengi hufanya kinyume: ndizi hununuliwa jioni ya jana yake mjini na kufika Msembe zimekuwa uji, wakati mchele unanunuliwa kwa kilo moja moja kwenye duka la mwisho.

Likizo za shule nazo zina nafasi yake. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia kiangazi, wakati wanyama wa Ruaha wanakusanyika mtoni na kuonekana kirahisi, na ni wakati huohuo mahindi na mpunga wa nyanda hizi yanaingia sokoni. Msimu mzuri wa kuangalia tembo umekutana na msimu mzuri wa kununua chakula. Desemba ni tofauti, kwa maana nafaka ya mavuno yaliyopita imeanza kupungua, bei imepanda, na nyasi za Ruaha zimeanza kurefuka. Mwenye safari moja tu kwa mwaka asipate shida kuchagua.

Linalohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi ni joto, kwa kuwa akiba inayoishia zahanati si akiba. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni mtu huondoka akiwa na sweta. Bonde la Mto Ruaha Mkuu liko chini ya mita 1,000, na mchana jua lake halina simile. Pilau iliyopikwa saa kumi usiku na kufungwa kwenye ndoo ikiwa vuguvugu husafiri kutoka baridi kwenda joto huku ikipoa polepole mno, na huo ndio mwendo ambao bakteria huupenda. Mchele una hatari yake ya pekee: aina moja ya bakteria wake hutengeneza vijibegu visivyokufa kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu vijibegu hivyo huamka na kutoa sumu ambayo hata kupasha moto tena hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachotunzwa cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za selsiasi. Hotipoti nzuri iliyojazwa chakula kinachofuka moshi, ikafungwa na isifunguliwe njiani, inaweza kufika Msembe ikiwa bado salama kwa mlo wa mchana. Haiwezi kungoja chakula cha jioni, na chochote chenye nazi kisingoje hata huo mchana.

Kwa hiyo kapu la Ruaha lijengwe kwa vyakula visivyosumbuliwa na joto. Chapati na maandazi, viazi vitamu na mihogo iliyochemshwa asubuhi ileile, karanga za kukaanga, usipa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa na kukaangwa wakawa wakavu, maparachichi ambayo hayajamenywa, mayai yaliyochemshwa na kubaki ndani ya maganda yake kwa mlo wa kwanza. Kachumbari ikatwe palepale, kwa nyanya zilizofika nzima. Jioni kwenye mabanda ndipo upikwe wali mpya na maharage, kwa mtungi mdogo wa gesi uliotoka nao nyumbani, maana kuokota kuni ndani ya hifadhi ni kosa. Maji yabebwe kwenye dumu la lita 20 yakiwa yamechemshwa, wala yasipimwe kwa kubana matumizi. Chupa za maji zinazonunuliwa moja moja ndani, kwa watu sita, kwa joto lile, zinaweza kupita gharama ya chakula chenyewe, na bado watoto wakawa na kiu.

Mtu atauliza: je, si aibu? Kwamba familia iliyojipinda kwenda kustarehe ionekane na ndoo na chupa ya chai chini ya mti, wakati wenzao wako loji? Hisia hii ina nguvu kuliko inavyokubaliwa, na imewafanya watu kukopa. Lakini aangaliwe huyo mgeni wa loji anapotoka na gari la wazi kutafuta simba siku nzima. Saa sita dereva husimamisha gari kwenye eneo la mapumziko, na kila abiria hupewa boksi: kipande cha kuku, yai, ndizi, mkate, juisi. Naye anakula chakula baridi cha kubebwa, amekilipia tu kwa bei ya loji. Na kabla ya loji kuwako, msafiri wa nchi hii hakutoka nyumbani bila masurufu; aliyetoka mikono mitupu ndiye aliyeshangaliwa.

Pingamizi zito zaidi ni jingine, nalo hupuuzwa na waandishi wa makala za kubana matumizi. Chakula cha kubeba hakijipiki. Kama kuokoa shilingi laki moja kunamaanisha mama kuamka saa tisa usiku kukanda unga, kisha kuinamia jiko Msembe wakati wengine wanaangalia viboko, basi familia haijaokoa kitu. Imehamisha gharama kutoka mfuko wa baba kwenda mgongo wa mama, na kwa kuwa mgongo hauna risiti, hesabu inaonekana nzuri. Ndiyo maana nasema jikoni nyumbani si mahali pa kuamulia. Kwenye vijiji vya njiani wapo mama lishe. Akipigiwa simu siku moja kabla, kupitia dereva au mwenye kambi ya Tungamalenga, mama lishe anaweza kuwafungia watu kumi wali, maharage na kuku wa kienyeji kwa bei ya kijijini, vikiwa vya moto, muda mfupi kabla ya lango. Chapati mia moja huagizwa kwa wapishi wa mtaani Iringa bila mtu wa nyumbani kushika unga. Gharama yake ni zaidi ya kupika mwenyewe na ni ndogo kuliko kaunta ya ndani, na tofauti hiyo ndiyo malipo halali ya mapumziko ya mama. Kazi inayobaki, kukata kachumbari na kuosha vyombo, baba na vijana wana mikono.

Njia hiyo inajibu pia wale wanaodai kwamba anayebeba chakula anaua ajira za utalii. Loji za Ruaha zinaishi kwa wageni wa dola. Familia ya mwalimu kutoka Mafinga haikuwa mteja wao hata hapo awali. Vijiji vya Idodi na Pawaga ndivyo vinavyolala jirani na tembo, na mashamba yao ndiyo yanayovamiwa. Mpango wa MBOMIPA, ambao jina lake ni kifupi cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, uliundwa ili wanavijiji hao wapate faida ya wanyama walio karibu nao. Shilingi elfu hamsini inayobaki kwa mama lishe na muuza matunda wa Tungamalenga inafanya kazi hiyohiyo, bila kikao wala posho.

Hifadhi ya Kitulo ni habari nyingine kabisa, na anayebeba kapu la Ruaha kwenda huko atajuta. Kutoka Chimala barabara inapanda kwenda Matamba kwa kona ambazo wenyeji wameziita Hamsini na Saba, na uwanda wa maua uko kwenye mita 2,600 hivi. Hapo chakula hakiharibiki kwa joto. Tatizo ni kukipika. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa nyuzi za chini, kama nyuzi moja kwa kila mita 300, hivyo Kitulo sufuria hutokota kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Maharage makavu yanaweza kuchemka mchana kutwa, mtungi wa gesi ukaisha, na bado yakawa magumu. Yapikwe Mbeya, au yaachwe kabisa, na mahali pake pachukuliwe na viazi mviringo vya Matamba na chai nzito ya maziwa. Shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa liko juu ya uwanda huohuo. Migahawa karibu haipo, kwa hiyo swali la bei ya ndani halijitokezi. Kinachokugharimu Kitulo ni kusahau.

Hifadhi hiyo, kwa taarifa tu, ina uhusiano na chakula ambao wageni wengi hawaujui. Ilitangazwa rasmi mwaka 2005 baada ya watafiti kuona kwamba viazi vya okidi za uwanda huo vilikuwa vikichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa Tunduma kwenda Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga kutengenezwa chikanda. Mtu akipenda chikanda na ainunue mpakani akijua inakotoka. Ndani ya Kitulo hata ua moja halichumwi.

Kwa wasiofika mbugani, maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya ni somo lilelile kwa gharama ya daladala. Ni sherehe ya wakulima, na bado mtoto hulishwa chipsi za bei ya sherehe huku soko la Uyole likiwa si mbali. Pale angalau hakuna aliyefungiwa: mzazi anaweza kuwalisha watoto vizuri kabla ya kuingia, akawaahidi kitu kimoja cha kununua ndani, askrimu au mishikaki, kikachaguliwa na wao wenyewe. Ahadi hiyo ni ya lazima hata Ruaha. Mtoto anayenyimwa kila kitu siku nzima hukumbuka kunyimwa kuliko kumkumbuka twiga, na soda moja ya bei mbaya ni gharama ndogo kuliko ugomvi wa saa tano ndani ya Noah.

Likiwa limejazwa vizuri, kapu lina adui mmoja zaidi, naye hana haja ya fedha. Nyani na tumbili wa Msembe wanajua hotipoti inafananaje, na meza ikiachwa dakika mbili mlo wa watu sita huondoka na kundi. Tembo hunusa machungwa, ndizi na maembe kutoka mbali, na hema lenye matunda ndani halimzuii. Chakula chote kikae kwenye gari lililofungwa vioo au jikoni penye mlango, na usiku kisiwepo hata ganda la ndizi karibu na mahali wanapolala watoto. Vikapu vya Iringa vyenye vifuniko vinafaa kuliko mifuko ya plastiki, ambayo tangu Juni 1, 2019 hairuhusiwi nchini. Maganda na mabaki yarudi kwenye vikapu hivyohivyo na kutoka navyo nje ya lango, kwa sababu nyani aliyezoea makombo ya familia ya leo atawanyang'anya chakula watakaokuja kesho.